Meza ya Sisilia na Watu Waliochimba Mifereji

Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediteranea. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 25,700, na umbo lake ni la pembetatu. Upande wa mashariki kimetenganishwa na Italia bara kwa mlangobahari wa Messina, ambao mahali penye wembamba zaidi hauzidi kilomita 3 na ushei. Mpaka leo mabehewa ya treni huingizwa ndani ya kivuko na kuvushwa pamoja na abiria wake. Upande wa kusini-magharibi, pwani ya Tunisia iko umbali wa kilomita 150 hivi. Jahazi lililotoka mashariki kwenda magharibi ya bahari hiyo lilipita karibu na kisiwa hiki, na kila dola iliyotaka kuitawala bahari ilikihitaji.

Jambo la pili la kuelewa kabla ya kuanza safari ni mvua. Hunyesha wakati wa baridi, kisha kiangazi chote, kuanzia Mei hadi Septemba, mbingu hukauka. Ngano huvumilia hali hiyo, kwa sababu hupandwa vuli na kuvunwa mwanzoni mwa kiangazi. Limau, chungwa, muwa na biringanya haviwezi. Kwa hiyo chakula cha Sisilia kimetegemea sana swali moja: nani ana maji wakati wa jua kali, na nani anafanya kazi ya kuyafikisha shambani. Vitabu vingi vya watalii hueleza meza ya kisiwa hiki kwa majina ya watawala waliopita, mmoja baada ya mwingine. Mimi naamini maelezo hayo yanaruka watu wa maana zaidi, yaani wale waliobaki na jembe mkononi mtawala alipobadilika.

Wagiriki walifika katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakakuta wenyeji waliojulikana kama Wasikani, Wasikeli na Waelimi, na wafanyabiashara Wafoinike katika pwani ya magharibi. Kwa hesabu ya kimapokeo walianzisha Naxos mwaka 734 KK na Siracusa mwaka uliofuata. Kwa nini walihama? Wanahistoria wa zamani walisema ardhi ya Ugiriki ilikuwa haba na watu wamezidi. Wengine wakajibu kwamba walifuata biashara, kwa kuwa Naxos imekaa mahali pazuri pa kutia nanga lakini haina mashamba makubwa. Nadhani makundi yote mawili yameona sehemu ya ukweli, maana walowezi wa Naxos hawakukawia kuanzisha Leontinoi katika uwanda wenye rutuba nyuma ya pwani. Bandari ilikuja kwanza, ngano ikafuata. Huko Siracusa walichagua kisiwa kidogo cha Ortigia, ambapo chemchemi ya maji matamu iitwayo Aretusa inabubujika hatua chache kutoka maji ya chumvi. Mgeni wa leo huikuta bado, na mafunjo yameota katikati yake.

Utajiri wa ngano ndio uliojenga mahekalu. Lile la Concordia huko Agrigento, la karne ya 5 KK, limesimama karibu zima kwa sababu baadaye, katika karne ya 6 ya zama zetu, liligeuzwa kuwa kanisa, na jengo linalotumika halibomolewi kwa ajili ya mawe. Utajiri huohuo uliwapa watu nafasi ya kufikiri juu ya chakula kama elimu. Mithaikos wa Siracusa aliandika kitabu cha mapishi katika karne ya 5 KK, na Plato alimtaja. Karne iliyofuata Archestratos wa Gela alitunga utenzi juu ya samaki bora na bandari za kuwapata, na vipande vyake vimetufikia kupitia mwandishi Athenaios. Msimamo wake ulikuwa mkali: samaki mzuri anahitaji chumvi na mafuta kidogo tu, na wapishi wa Siracusa wanamharibu wakimfunika kwa jibini. Anayesimama leo kati ya meza za soko la samaki la Catania, nyuma ya uwanja wa kanisa kuu, atawasikia wachuuzi wakitoa ushauri unaokaribiana sana na huo.

Vita vya kwanza kati ya Roma na Karthago vilianza mwaka 264 KK kwa sababu ya Sisilia, na vilipokwisha mwaka 241 sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa jimbo la kwanza la Roma nje ya bara. Roma ilitaka ngano, na ngano ya wingi huleta mashamba makubwa, nayo mashamba makubwa ya zama hizo yalitaka watumwa. Matokeo yalionekana mwaka 135 KK, pale watumwa wa eneo la Enna walipoasi wakiongozwa na Mshami aitwaye Eunus, wakashikilia sehemu kubwa ya kisiwa kwa miaka kadhaa. Uasi wa pili ulizuka mwaka 104. Magavana nao walinyonya, na mwaka 70 KK Cicero alimshitaki mmoja wao, Verres, kwa kuwapora wakulima na mahekalu. Wageni wengi hufika Piazza Armerina kutazama mozaiki za jumba la tajiri wa karne ya 4. Nawashauri watazame pia barabara ya kufika huko: vilima vitupu vya ngano, nyumba chache, vijiji vilivyo mbali mbali. Sura hiyo ya bara ya Sisilia ilianza kuchongwa wakati huo.

Roma ilipoanguka, kisiwa kilipita mikononi mwa Wavandali na Waostrogothi, kisha mwaka 535 jemadari Belisarius akakitwaa kwa ajili ya Konstantinopoli. Miaka karibu 300 ya Bizanti tunaweza kuipita upesi, kwani mfumo wa mashamba makubwa haukubadilika sana. Mabadiliko yalitoka kusini.

Mwaka 827 jeshi kutoka Afrika Kaskazini lilishuka Mazara, kwenye ncha ya magharibi. Kiongozi wake alikuwa Asad ibn al-Furat, kadhi wa Kairouan, mzee aliyeheshimiwa kwa elimu ya fiqhi. Sababu ya karibu ilikuwa ombi la Euphemius, kamanda wa Kibizanti aliyegombana na wakubwa zake akakimbilia ng'ambo kutafuta msaada. Sababu ya mbali ilikuwa nyumbani kwa watawala Waaghlabi, ambao walikuwa na wanajeshi wakorofi waliokwisha kuasi mara moja, na walipenda nguvu hizo zitumike nje. Palermo ilianguka mwaka 831, Siracusa mwaka 878, Taormina mwaka 902. Kama yote yangetokana na usaliti wa mtu mmoja, vita visingedumu miaka 75.

Baada ya vita ndipo jambo kubwa lilipotokea. Wakulima kutoka Afrika Kaskazini waliletwa kukaa, hasa upande wa magharibi. Mashamba makubwa yaligawanyika, kwanza kwa mgao wa ardhi ya ushindi, kisha kwa sheria ya mirathi inayompa kila mtoto fungu lake. Mwenye shamba dogo hawezi kuishi kwa ngano peke yake. Ni lazima apande kitu chenye bei kubwa sokoni, na kitu hicho kinataka maji. Ndiyo maana walichimba visima na kuvifunga magurudumu ya kuteka maji yaliyozungushwa na wanyama, wakajenga mabirika ya kuhifadhia, wakatandaza mifereji. Uwanda wa Palermo ukageuka bustani ya madanzi, malimau, miwa, pamba, mpunga na mboga. Msafiri Ibn Hawqal aliyefika Palermo mwaka 973 alistaajabia wingi wa misikiti, akaeleza chemchemi, vinu na mafunjo yaliyosokotwa kuwa kamba za meli. Wenyeji hakuwapenda, alidai kwamba kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni kumewaharibu akili. Lakini hata lawama hiyo inatuambia nini kilikuwa mezani.

Hapa wataalamu wamebishana. Mwaka 1974 Andrew Watson alitoa hoja kwamba ustaarabu wa Kiislamu ulileta mapinduzi ya kilimo kwa kusambaza mazao ya India na mashariki mpaka Mediteranea. Mwaka 2009 Michael Decker alijibu kwamba mengi ya mazao hayo, pamoja na mpunga, pamba na ngano ngumu, yalijulikana tayari kwa Warumi au Waajemi. Kwa kesi ya Sisilia naona jibu la Decker ni sahihi kuhusu mbegu, lakini halitoshi kuhusu shamba. Tajiri wa Kirumi aliweza kuwa na mti wa jamii ya limau uani kwake kwa fahari. Ilibidi ardhi igawanywe na maji yafikishwe ndipo tunda hilo liwe riziki ya maelfu ya watu.

Wanormani, askari wa kukodiwa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walivuka Messina mwaka 1061, wakaitwaa Palermo mwaka 1072 na Noto, ngome ya mwisho, mwaka 1091. Walikuwa wachache. Uchache huo ndio uliofanya wawaache makarani, wahasibu, mafundi na watunza bustani Waarabu na Wagiriki waendelee na kazi. Baadhi ya waandishi hupenda kuuita uvumilivu. Naona neno hilo ni tamu kupita kiasi. Mfalme alihitaji kodi, na waliojua kuikusanya walikuwa hao. Hata hivyo uzuri uliozaliwa ni wa kweli. Ndani ya kanisa la kasri huko Palermo, lililowekwa wakfu mwaka 1140, kuta zinang'aa kwa mozaiki za mafundi wa Kigiriki, na juu yake dari ya mbao imechongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa Kiislamu, pamoja na maandishi ya Kiarabu.

Katika kasri hilohilo aliishi al-Idrisi, mwanajiografia kutoka Ceuta, aliyeajiriwa na Mfalme Roger II kuandika maelezo ya dunia. Kitabu chake kilikamilika Januari 1154, wiki chache kabla ya kifo cha mfalme. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kukijua kwa sababu yake mwenyewe: humo, miongoni mwa kurasa za nchi ya Zanji, zimetajwa Malindi na Mombasa, na chuma cha pwani yetu kilichouzwa ng'ambo. Na katika kurasa za Sisilia, al-Idrisi anafika Trabia, kama kilomita 30 mashariki ya Palermo, mahali penye maji yasiyokauka na vinu vingi. Hapo, anasema, hutengenezwa tambi kwa wingi, na hupakiwa merikebuni kwenda Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo.

Maelezo hayo mafupi yanamaliza hadithi inayorudiwa mpaka leo, kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka China. Marco Polo alirudi Venezia mwaka 1295, miaka zaidi ya 140 baada ya merikebu za Trabia. Haimaanishi kwamba Waarabu wa Sisilia ndio waliobuni unga wa kukandwa. Wagiriki na Warumi walikuwa na vyapati vyao vya kukatwa vipande. Kipya kilikuwa tambi kavu ya ngano ngumu, ambayo haiozi safarini na hivyo inaweza kuwa bidhaa. Sababu zote tatu zilikutana Trabia: ngano ya bara, maji ya kuzungusha vinu, na bandari. Mlo unaoitwa tambi za sardini, unaopikwa Palermo kwa samaki hao pamoja na shamari mwitu, zabibu kavu, zafarani na mbegu za msonobari, unakusanya mlima, bustani na bahari katika sahani moja, na mimi siachi kuusifu.

Ushirikiano haukudumu. Ibn Jubayr, aliyeokoka chombo kilipovunjika karibu na Messina mwishoni mwa 1184, aliona wanawake Wakristo wa Palermo wakivaa kama Waislamu siku ya Krismasi, lakini pia alisikia Waislamu wakieleza hofu yao. Mfalme William II alipofariki mwaka 1189, walishambuliwa mjini. Wengi wakakimbilia milimani, wakaasi, na kuanzia miaka ya 1220 Mfalme Frederick II akawahamisha kwa nguvu hadi Lucera, huko Italia bara. Vijiji vya magharibi vikabaki mahame, na bustani zake zikarudi kuwa malisho na ngano. Kandokando ya Palermo, mikono ilibaki ingawa dini ilibadilika, na maji yakaendelea kutembea katika mifereji ileile.

Kwa sababu hiyo nina tahadhari na dai kwamba kila kitu chenye ladha ya Afrika Kaskazini kisiwani kimedumu tangu karne ya 9. Mfano ni kuskusi ya samaki ya Trapani, inayofinyangwa kwa mkono na kuliwa na mchuzi wa samaki wa miambani. Maelezo ya kwanza ni kwamba ni urithi wa Waarabu wa kale. Maelezo ya pili ni kwamba wavuvi wa samaki na wa marijani wa Trapani, ambao kwa karne nyingi walifanya kazi katika maji ya Tunisia, waliileta upya. Na mwishoni mwa karne ya 19 makumi ya maelfu ya Wasisilia walihamia Tunisia kutafuta kazi, wengine wakarudi. Haya ya pili yananivuta zaidi, maana chakula hiki kimeng'ang'ania hasa pwani inayotazamana na Tunisia, na bara ya kisiwa haikijui sana.

Mwaka 1282, Jumatatu ya Pasaka, watu wa Palermo waliwaasi watawala Wafaransa, na kisiwa kikaingia chini ya Aragon, kisha Hispania, kwa zaidi ya miaka 400. Kupitia Hispania zilikuja nyanya na mpungate wa Amerika. Nyanya haikupokelewa upesi. Mapishi ya kwanza ya mchuzi wake yaliyochapishwa Italia yalitoka Naples katika miaka ya 1690, na yalipewa jina la Kihispania. Basi madonge ya wali yaliyokaangwa, yenye nyama na mchuzi wa nyanya ndani, hayawezi kuwa chakula cha masultani kama wauzaji wanavyosema. Wali ni wa zamani. Donge lenyewe kwa sura tuliyonayo ni la juzi.

Tarehe 11 Januari 1693 tetemeko lilibomoa miji ya kusini-mashariki na kuua watu wapatao 60,000. Noto ikajengwa upya mahali papya, Ragusa na Modica zikainuliwa juu ya magofu, zote kwa jiwe la rangi ya asali na kwa mtindo wa Kibaroki uliokuwa ukitawala wakati huo. Miji hiyo inafanana kwa sababu ilikufa siku moja.

Ndipo wakaanza kuja wageni wa kutazama tu. Patrick Brydone, Mskoti, alizunguka mwaka 1770, na mwandishi Mjerumani Goethe alifuata mwaka 1787. Kabla yao safari ya vijana matajiri wa Ulaya ilikuwa ikiishia Naples. Wakati huohuo mfanyabiashara Mwingereza John Woodhouse, kuanzia mwaka 1773, alisafirisha mvinyo wa Marsala ulioongezwa pombe kali ili usiharibike baharini. Waingereza walihitaji na kitu kingine. Mwaka 1795 jeshi lao la majini lilianza kuwapa mabaharia maji ya limau ili kuzuia kiseyeye, na Sisilia ikawa chanzo kikubwa cha malimau hayo.

Hapa bustani za Palermo ziliingia katika historia yenye giza. Mlimau huchukua miaka kabla ya kumlipa mwenyewe, unataka maji kiangazi chote, na mtu mmoja akifunga mfereji usiku hasara ni ya msimu mzima. Ukabaila ulikuwa umefutwa mwaka 1812, Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, alishuka Marsala Mei 1860, na dola mpya ya Italia haikuwa na polisi wa kutosha. Wenye bustani wakaajiri walinzi, na walinzi wakageuka mabwana wa maji. Mtafiti Leopoldo Franchetti, aliyezunguka kisiwa mwaka 1876, alieleza mafia kama biashara ya ukatili iliyojaza pengo la sheria. Wachumi wa karne hii wamepima takwimu za zamani: wengine wameona mafia ilistawi zaidi palipolimwa malimau, wengine penye machimbo ya salfa. Sioni ugomvi kati ya hoja hizi. Franchetti anaeleza udhaifu wa dola uliokuwa kila mahali. Malimau na salfa vinaeleza kwa nini palikuwa na fedha ya kunyang'anya mahali fulani hasa.

Karne ya 20 nitaipita haraka. Taormina ilikuwa tayari na hoteli na reli, ikawa mahali pa kupumzikia matajiri. Messina ilivunjwa na tetemeko tarehe 28 Desemba 1908. Katika miaka ya 1950 na 1960 wajenzi wenye uhusiano na mafia walizifunika kwa saruji sehemu kubwa ya bustani za Palermo. Mfanyabiashara Libero Grassi, aliyekataa hadharani kulipa fedha za ulinzi, aliuawa Agosti 1991, na mwaka uliofuata mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino wakauawa kwa mabomu. Mwaka 2004 vijana wa Palermo walibandika vikaratasi usiku kuwahimiza watu wakatae kulipa fedha hizo. Harakati yao, Addiopizzo, sasa ina orodha ya maduka na migahawa isiyolipa. Kwa mgeni anayechagua mahali pa kula, naona orodha hiyo ina thamani kuliko kitabu chochote cha mapishi.

Sura ya sasa inaandikwa na joto. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na Siracusa, kipimo kilifika nyuzi 48.8, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeithibitisha kuwa rekodi ya Ulaya bara. Katika pwani ya kaskazini na chini ya mlima wa volkano wa Etna wakulima wameanza kupanda maembe, parachichi na mapapai, nayo yanazaa. Miti hiyo nayo inataka maji ya kiangazi. Mwaka 2024 mabwawa yalikauka, maji yakatolewa kwa mgao Agrigento, maboza yakawa yanapita mitaani, na baadhi ya nyumba ndogo za wageni zikakataa wateja kwa kukosa maji ya kuoga. Viongozi walitaja ukame. Wakulima na wenye nyumba walitaja mabomba, na takwimu rasmi za Italia zinawaunga mkono: karibu nusu ya maji yanayoingizwa katika mabomba ya kisiwa huvuja njiani kabla ya kumfikia mtu yeyote.